Mikia Ilipoamua Habari ya Kisima

— Paukwa!

— Pakawa!

— Pakawa nini?

— Pakawa kisima!

— Kisima cha nani?

— Chetu sote!

Haya, semeni hivyo hivyo kwa nguvu, maana nawajua. Nikifika katikati mtaanza kusinzia, halafu kesho mtanifuata mlangoni kuniuliza iliishaje.

Zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa bado wanaamkiana kila asubuhi na kuulizana hali za watoto, kulikuwa na nchi iitwayo Uvumbini. Katika nchi hiyo kulikuwa na kisima kimoja tu, kipana, cha kuingia kwa miguu. Mvua ikinyesha, kila mtu alikunywa alipopenda. Mvua ikikata, wote walikunywa hapo.

Jumbe wa Uvumbini alikuwa Ngiri. Hakuwa mbaya, jamani, msije mkamchukia bure. Alikuwa na tabia moja tu. Alfajiri, kabla wenzake hawajaamka, alikwenda kisimani, akaingia, akagaagaa, akageuka upande wa pili, akagaagaa tena. Kisha akatoka ameng'aa matope mwili mzima, akasema, "Jumbe lazima apendeze."

Wenzake walipofika na kiu zao, maji yalikuwa mazito kama uji wa ulezi. Wakanung'unika. Wakanywa. Wakarudi nyumbani, wakanung'unika tena. Mambo yakawa hivyo miaka mingi.

Sasa, huko Uvumbini aliishi Bi Kanga. Bi Kanga alikuwa na watoto wengi, hata yeye mwenyewe akiwahesabu alikosea. Kitindamimba wake aliitwa Kidoa. Siku moja Kidoa alishuka kisimani kunywa, akazama kwenye matope ya Jumbe mpaka shingoni. Mama yake alimvuta kwa mdomo, akamvuta, akamvuta, akamtoa. Lakini mtoto alikuwa ameyameza yale matope. Tumbo likamshika. Tangu siku hiyo hakutaka hata kuyaona maji ya kisima, na maji mengine hayakuwepo.

Bi Kanga aliogopa. Siku zote alikuwa akimwogopa tai, lakini hofu hii ilikuwa nyingine. Alimtazama mwanawe anavyolegea, akaona kwamba mvua bado iko mbali. Akajikung'uta vumbi, akaenda kwa Jumbe.

"Hodi kwa Jumbe!"

"Karibu."

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba, Bi Kanga. Watoto hawajambo?"

"Wengine wazima. Kidoa mgonjwa, na ugonjwa wake umetoka kwenye matope yako. Nataka uache kuoga kisimani."

Ngiri akatikisa masikio. "Unataka wewe na nani?"

"Mimi peke yangu."

"Basi hayo ni malalamiko, mama, na malalamiko nayasikia kila siku, yananisaidia kupata usingizi. Mila yetu unaijua. Mtu akitaka jambo lipigiwe kura za mikia, atandaze udongo wa kichuguu, aulowanishe, na kaya saba ziukanyage kabla haujakauka. Nikiletewa udongo wenye nyayo saba, nitaita baraza, nitake nisitake. Lakini nyayo zako peke yako? Nikiziona nitadhani umepita hapo ukitafuta mchwa."

Akacheka. Ngiri akicheka hutoa sauti puani, na Bi Kanga aliisikia sauti hiyo njia nzima mpaka kwake.

Alipofika, hakulia. Alichukua gome pana la mti, akatandaza udongo wa kichuguu juu yake, akaulowanisha, akalifunga gome kamba, akaanza kuliburuta. Na kwa kuwa alikuwa na haraka, alianza na miguu iliyokuwa karibu.

Juu ya tawi walikuwepo Mbayuwayu, wamepumzika na safari yao. "Shoga zangu, shukeni mnikanyagie hapa!" Wakashuka, wakakanyaga, wakaruka zao. Akamkuta Kima. "Mwanangu Kima, nikanyagie." Kima akakanyaga kwa mguu. Akaona udongo ni laini, akakanyaga kwa mkono. Akaona ni raha, akarudia mguu. Bi Kanga akahesabu nyayo, zikatimia saba na kuzidi. Akakimbia kwa Jumbe.

"Hodi kwa Jumbe!"

"Karibu, Bi Kanga. Umerudi?"

"Nimerudi. Tazama!"

Ngiri akainama, akatazama, akanusa. "Hawa ni Mbayuwayu. Kesho watakuwa wapi?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Mpita njia si mkazi, Bi Kanga. Na huyu Kima, mguu, mkono, mguu tena, kwani ana kaya ngapi? Amejijengea mji bila kuniambia? Kaya moja, unyayo mmoja."

Sauti ya puani ikamsindikiza tena.

Bi Kanga akalowanisha udongo mara ya pili. Safari hii alikwenda kwa wakazi watupu, nyumba kwa nyumba, kaya moja unyayo mmoja. Lakini mnamjua Kanga kwa maneno! Kila mlango alisema la kumfurahisha mwenye mlango.

Kwa Digidigi alisema, "Shoga, kanyaga hapa tutafutiwe chumvi ya kulamba." Digidigi akakanyaga.

Kwa Nungunungu alisema, "Mzee wangu, kanyaga hapa watu waache kelele mchana ukilala." Nungunungu akakanyaga.

Kwa Twiga hakusema kitu, maana Twiga yuko mbali huko juu. Aliusukuma udongo tu chini ya ukwato wake.

Nyayo zikatimia. Akaenda kwa Jumbe kifua mbele.

"Hodi kwa Jumbe!"

"Karibu, mgeni wangu wa kila siku."

Ngiri akatazama, akaacha kucheka. Nyayo zilikuwa saba, tena zote za wakazi. Akaondoka na Bi Kanga mpaka kwa wenye nyayo, awaulize.

"Bibi Digidigi, umekanyagia nini?"

"Chumvi, Jumbe."

"Mzee Nungunungu, umekanyagia nini?"

"Kelele, mwanangu. Hata sasa hivi mnanipigia."

"Twiga, na wewe?"

"Nimekanyaga? Wapi?"

Jumbe alicheka mpaka akakaa chini. "Bi Kanga, udongo mmoja, habari tatu, na kisima hakimo hata katika moja! Nenda nyumbani ukapumzike."

Bi Kanga aliona haya. Alirudi nyumbani, akamkuta Kidoa amelaza shingo chini, haiinui. Akakaa kando yake, akanyamaza. Kanga kunyamaza! Mmewahi kuona? Majirani walidhani amehama.

Alipomaliza kunyamaza, alilowanisha udongo mara ya tatu. Akajiambia, safari hii nitasema neno moja tu, na kila mlango neno hilo hilo.

"Shoga Digidigi, Jumbe aache kuoga kisimani. Unakubali tulipigie mikia?"

"Chumvi je?"

"Chumvi utaitafutia udongo wake. Leo ni kisima."

Digidigi akacheka, akakanyaga. Kima akakanyaga, mara moja, huku Bi Kanga amemshika mkono. Wengine walikataa, na Bi Kanga aliwashukuru akapita. Akafika kwa Nungunungu.

"Mzee wangu, Jumbe aache kuoga kisimani. Unakubali tulipigie mikia?"

Nungunungu akajikuna. "Mimi Jumbe simchukii. Baba yake alinichimbia hili shimo ninalolala. Pengine nitamwacha aendelee kuoga."

"Sikuombi umchukie, Mzee, wala siombi mkia wako leo. Nakuomba tuulizwe sote."

"Kuulizwa tu?"

"Kuulizwa tu."

"Kumbe! Kuulizwa, nani hataki?" Akakanyaga, akarudi kulala.

Basi nyayo zilipotimia saba, Bi Kanga akapeleka udongo. Jumbe Ngiri akautazama upande huu, akautazama upande ule. Akaenda tena kwa wenye nyayo, akawauliza mmoja mmoja, na wote walimjibu neno moja: kisima. Akashusha pumzi.

"Mila ni mila," akasema. "Baraza kesho uwanjani, jua la utosi."

Jua la utosi! Mmeona ujanja huo? Wakati huo Uvumbini nzima iko kivulini, imelala mdomo wazi. Bi Kanga alipita kuwaambia watu, na kila mtu alimjibu, "Nitakuja." Na nyinyi mnaijua hiyo nitakuja ya kwetu. Ndiyo ile mliyoniambia nilipokuwa napalilia shamba langu. Mpaka leo nawangoja.

Ni Kobe peke yake aliyeuliza, "Ni saa ngapi?" Akaambiwa. Akasema, "Basi niondoke sasa hivi."

Siku ya siku, jua likapanda. Jumbe akafika uwanjani na rafiki zake, Nyati na Kifaru na wapenda matope wengine. Kaya nyingine zote hazikuwepo. Jumbe akatabasamu mpaka pembeni mwa meno.

Ndipo kelele ikaanza. Bi Kanga na watoto wake wote, isipokuwa Kidoa, walipita nyumba kwa nyumba wakipiga kelele kwa sauti zao zile za kukwaruza. Hakuna aliyeweza kulala. Nungunungu alitoka shimoni miiba imesimama. "Nakuja! Nakuja, mama, ila funga mdomo!" Digidigi akaja. Kima akaja. Twiga akaja, akauliza kuna nini. Uwanja ukajaa.

Jumbe akasimama. "Kaya moja, mkia mmoja. Anayetaka niache kuoga kisimani, mkia juu. Asiyetaka, mkia chini. Mikia ikilingana, wangu ndio utakaoamua. Na nikishalipiga lile gogo la baraza, mkia ulioko juu umekubali, ulioko chini umekataa. Hakuna kugeuza."

Mikia ikainuka. Digidigi akakiinua kimkia chake, akajinyoosha kionekane. Kima akauinua wake kama bakora. Bi Kanga sasa! Mkia wa kanga, mnajua, umeelekea chini tangu kuzaliwa. Akajaribu kuuinua, wapi. Akaona njia ni moja: akainamisha kichwa mpaka mdomo ukagusa vumbi, na mkia ukapanda. Ndiyo maana mpaka leo ukimwona kanga shambani ameinama, kichwa chini mkia juu, wewe utasema anaokota punje. Mimi nasema anapiga kura.

Mzee Nungunungu alifikiri sana. Kisha akauacha mkia wake chini, na Bi Kanga hakumsema, maana ni haki yake.

Wakahesabu. Wakahesabu tena. Mikia ililingana.

Macho yote yakamgeukia Jumbe. Jumbe akapangusa pembe zake taratibu, akijua kuwa amekwisha kushinda. Mkia wake ulikuwa umelala chini, umetulia. Gogo lilikuwa ng'ambo ya uwanja, na yeye hakuwa na haraka.

"Ngojeni!" akapaza sauti Twiga kutoka juu. "Namwona Kobe! Anakuja! Amefika kwenye kichuguu!"

Wote wakageuka. Kweli, kwa mbali, vumbi dogo lilikuwa likisogea. Kobe alikuwa mtu wa Bi Kanga, na kila mtu alijua. Akifika, mikia haitalingana tena.

Jumbe Ngiri akashtuka. Akaruka, akakata uwanja mbio kwenda kulipiga gogo kabla Kobe hajafika. Alikimbia! Vumbi lilitimka, Nyati akapisha, Kifaru akapisha. Akafika, akalipiga gogo kwa pembe, ko!

"Nimefunga!" akasema, akihema. "Hakuna kugeuza!"

Wote wakamtazama. Halafu Kima akaanza kucheka. Digidigi akafuata. Nungunungu alicheka mpaka miiba ikagongana. Hata Nyati, rafiki yake wa matope, aligeukia pembeni mabega yakimtikisika.

"Mnacheka nini?" akauliza Jumbe.

"Jumbe," akasema Bi Kanga kwa adabu, "tazama nyuma yako."

Ngiri akageuza shingo. Mkia wake ulikuwa umesimama wima, umenyooka kuelekea mbinguni, na kishungi chake kinapepea. Maana ngiri, wapenzi wangu, hana njia nyingine ya kukimbia. Akitia mbio tu, mkia huwa juu, apende asipende.

Aliutazama mkia wake. Angeweza kuleta ubishi, lakini mila aliitamka mwenyewe kwa kinywa chake, na gogo alilipiga mwenyewe. Akashusha pumzi, akacheka yeye pia, ile ya puani. "Basi nimekubali," akasema. "Na mjue pia kuwa Jumbe wenu anakimbia vizuri."

Jua lilipoanza kupoa, Kobe akafika. "Nimechelewa?" akauliza.

"Hapana, Mzee," wakamjibu. "Wewe ndiye uliyeamua."

Kobe hakuelewa, lakini alifurahi.

Tangu siku hiyo Ngiri aligaagaa kwenye dimbwi lake, kando, mbali na kisima. Matope ya kisimani yakatuama, maji yakawa meupe. Bi Kanga alimbeba Kidoa mpaka ukingoni. Mtoto akayatazama maji kwa woga, akamwona humo kanga mdogo anamtazama. Akamsogelea huyo mwenzake, akainama, akanywa. Akanywa tena. Mama yake alisimama nyuma yake na hakusema neno lolote, na hiyo ndiyo mara ya pili na ya mwisho Kanga kunyamaza.

Mafunzo yake ni haya. Jambo la wote likikukera, usilinung'unikie nyumbani miaka kumi. Wafuate wakazi wenzako mlango kwa mlango, waambie neno moja lililo wazi, hata asiyekubaliana nawe mwombe akubali kuulizwa. Na siku ya kuulizwa, mje! Nanyi mlio na vyeo, msiwakimbie watu wenu, maana mnaonekana kwa nyuma.

Hadithi nimeitua hapa. Anayetaka kuibeba aibebe, anayetaka kuitia chumvi asizidishe.

— Kisima cha nani?

— Chetu sote!