Kiboko Aliyefunga Mto

Hadithi, hadithi!

— Ilete, tumekaa!

Ni ya maji, niimwage?

— Imwage, tuinywe!

Haya. Anayetaka kusinzia asinzie sasa, maana huko mbele hakuna usingizi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisemezana kama mimi na nyinyi, palikuwa na Kiboko, mzito wa mwili, mwepesi wa kuogopa. Alichokiogopa ni kiangazi. Kila kiangazi mto ulipungua, mgongo wake ukabaki juani, ngozi ikampasuka.

Basi Kiboko akapiga mbiu ya msaragambo. "Jamani, tuzuie maji, tupate bwawa! Tutakunywa mwaka mzima." Wanyama wakaja. Tembo akaleta magogo, Ngiri akafukua udongo, Nyani akafunga kamba. Wakaimba, wakajenga ukuta, katikati wakaacha lango la magogo. Walipomaliza, Kiboko akalifunga lango kwa mkono wake, na wote wakapiga vigelegele. Vigelegele, wenzangu! Hakuna hata mmoja aliyeuliza huko chini anaishi nani.

Huko chini aliishi Mama Kambale. Asubuhi yake akaamka, akajikuta kwenye kidimbwi. Mto hauko! Masalaale! Mto mzima, jana ulikuwepo, leo haupo. Samaki wadogo wanarukaruka matopeni, kaa wanakimbia ovyo.

Na Mama Kambale ana mayai tumboni. Yeye hatagi mtoni. Husubiri masika, mto ufurike, apande mbugani, atage kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Bila furiko, hana kizazi.

Akamtuma jirani yake, Kenge. Mnasema sikio la kenge halisikii mpaka litoke damu. Huyu alisikia mara moja tu, si kama nyinyi mnaonong'ona pale nyuma.

Kenge akapanda mpaka bwawani. "Hodi, Mzee Kiboko! Mama Kambale ana mayai, anaomba maji."

"Asubiri masika, mvua itamnyeshea huko huko aliko," Kiboko akajibu, akazama.

Kenge akaja mara ya pili. "Mzee wangu, masika ndiyo haya, na mvua yote imeishia kwako. Mama Kambale anaomba maji."

Kiboko akavuta gogo moja, yakatoka maji membamba. "Haya, asiseme nimemnyima."

Maji yale yakafika kidimbwini, yakamlowesha Mama Kambale mgongo, basi. Majani ya mbugani yakabaki makavu.

Kenge akaja mara ya tatu, anahema. "Mzee, anakufa yule! Anaomba furiko, wewe unampa tone!"

Tembo na Nyani walikuwa pale wanakunywa, wakamtazama Kiboko. Akaona haya. Akang'oa magogo yote, maji yakanguruma, mbuga ikafurika. Mama Kambale akapanda akicheza, akataga, majani yakajaa mayai. Kenge akatimua mbio kwenda juu. "Mzee, ametaga! Ametaga! Ahsante, Mzee!"

Sikilizeni sasa. Kiboko akajiangalia, akaona maji yake yameshuka mpaka tumboni. Hofu ikamshika. "Kama ameshataga, anataka nini tena?" Akarudisha magogo. Yote!

"Mzee!" Kenge akapiga ukelele. "Mayai bado yapo kwenye majani!"

Kiboko hakuelewa. Wallahi hakuelewa. Alidhani yai likishatagwa, kazi imekwisha.

Maji yakaondoka mbugani, jua likawaka. Wote waliojenga ule ukuta wakashuka kutazama. Loo! Mayai yamekauka, yamenata kwenye majani. Tembo akageuza uso. Mama Kambale akajiburuta jani hadi jani, akitafuta hata yai moja zima. Miaka yote hii nasimulia, na bado mwili unanisisimka.

Kiboko naye akashuka, akaona. "Mimi nilidhani..." akasema.

Mwaka ule hakuzaliwa kambale hata mmoja. Masika mengine yalipokaribia, Mama Kambale akawa na mayai tena. Safari hii Kiboko hakungoja mjumbe, akashuka mwenyewe.

"Mama, nifungue lini?"

"Mvua kubwa ikianza. Gogo moja, halafu jingine, mpaka mbuga ifurike."

"Kisha?"

"Kisha uache, mpaka wanangu wajue kuogelea washuke mtoni. Na siku ukifunga, usifunge yote, mto una wengi."

"Nitafanya hivyo."

"Mwaka jana pia ulifungua," Mama Kambale akamwambia. "Nitakuaminije?"

Kiboko akarudi juu langoni. Mvua ilipoanza akafungua gogo moja moja, kisha akalala palepale langoni, magogo yasipate pa kurudi. Maji yakashuka, mbuga ikafurika. Mama Kambale hakupanda. "Nenda kamtazame," akamwambia Kenge.

Kenge akaenda, akarudi. "Amelala langoni, Mama. Jua linampasua mgongo, hata hasogei."

Ndipo Mama Kambale akapanda mbugani, akataga.

Mayai yakaanguliwa. Vitoto vikakua, vikajua kuogelea, vikashuka mtoni, vingi mpaka maji yakawa meusi. Kenge akapanda langoni mara ya mwisho.

"Mzee, wameshuka. Na Mama Kambale amenituma. Anasema funga kidogo, ukapoe."

Kiboko, mzee mzima yule, akalia mbele ya Kenge.

Basi wenzangu, ukizuia maji, mjue aliye chini yako. Na ukimpa, mpe kwa majira yake, tena umfikishe mwisho. Msaada unaokatwa katikati unaua kuliko kunyimwa.

Hadithi yangu ndiyo hiyo, imetua. Ikiwapendeza, nendeni nayo nyumbani. Isipowapendeza, niachieni mwenyewe.