Barabara Iliyohamia kwa Kiboko

Njia hiyooo!
Tupitishe!
Ina shimo!
Tuvushe!

Hapo kale wanyama walijenga nyumba zao kando ya mto. Mbele ya nyumba palikuwa na barabara, na mbele ya barabara, mto. Nyuma ya nyumba palikuwa na uwanja mrefu wa nyasi tamu, na uwanja wote alikuwa ameushika Kiboko peke yake.

Ule mto nao ulikuwa na njaa. Kila mvua iliponyesha, ukingo ulimegeka. Meg! Pande la udongo, chubwi! Meg! Pande la barabara, chubwi! Siku moja Bi Kobe alikuwa akienda kuchuma mchicha. Meg! Akaenda na pande la ukingo, chubwi! Wakamwopoa kwa mti mrefu, anatapika maji.

Wanyama wakakutana.

"Tujenge ukuta wa mawe," alisema Bi Kanga.

"Mawe yako mlimani, na mwenye nguvu ya kuyabeba ni mimi," akajibu Kiboko. "Sibebi."

"Basi tupande matete, mizizi ishike udongo."

"Pandeni. Nitayala."

"Basi barabara ihamie nyuma ya nyumba."

"Kwenye nyasi zangu? Labda nife!"

Mkutano ukavunjika. Bi Kobe akabaki analia. "Mvua ijayo itanichukulia wajukuu," alisema.

Nguchiro, mdogo kuliko wote, akaenda kumnong'oneza Bi Kanga. Asubuhi akaenda kwa Kiboko.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Mimi? Sitaki kitu. Ila kule mwisho wa uwanja nimesikia mtu anatafuna."

Kiboko akainuka. Tii! Tii! Tii! Akakimbia hadi mwisho wa uwanja. Hakuna mtu.

"Amekimbilia kule mwanzo!" akaita Nguchiro.

Na kweli, kule mwanzo Bi Kanga alikuwa ndani ya nyasi, anazitikisa: chakacha, chakacha! Kiboko akageuka. Tii! Tii! Tii! Alipofika, Bi Kanga hayupo. Kule mwisho, chakacha, chakacha! Tii! Tii! Tii!

Ikawa hivyo kiangazi kizima. Nyasi alizokanyaga zikafa, udongo ukashikamana, ukawa mgumu kama sakafu. Na yeye alipokuwa akilinda huku nyuma, wenzake walikuwa mbele ya nyumba wanapanda matete, polepole, wanaimba.

Mvua zikaja. Mto ukameza kipande cha mwisho cha barabara, ukafika kwenye matete, ukasukuma, ukasukuma, ukachoka. Bi Kobe akafungua mlango wa nyuma, akatoka na wajukuu wake.

"Nani kapitisha barabara kwenye nyasi zangu?" akanguruma Kiboko.

"Ni wewe, Bwana Mkubwa," alisema Nguchiro. "Tazama nyayo."

Kiboko akatazama. Akaweka mguu wake juu ya unyayo mmoja. Ukaenea sawasawa.

"Mimi peke yangu?"

"Peke yako."

"Mbona imenyooka hivi!" Akaitazama tena, mwanzo hadi mwisho. "Basi iitwe kwa jina langu."

Wakaiita. Na mpaka leo ukiuliza, utaambiwa ni Barabara ya Bwana Kiboko, aliyeijenga kwa moyo wake wa kupenda watu.

Hadithi yangu imevuka. Aliyebaki ng'ambo na aogelee. Nanyi mmejifunza nini, wanangu? Kwamba uongo haujengi.