Ufa wa Sebuleni kwa Bi Mize

Bwana Mbaruku alipoinunua nyumba ya jirani, aliitamani na ya Bi Mize, mshona kofia, ili ajenge ghorofa. Bi Mize hakutaka kuuza. Basi tajiri akamleta fundi aikague, akijua mwanamke akitishwa atahama.

Fundi aligonga ukuta wa sebuleni, akatia kidole kwenye ufa. "Ukuta huu unatitia. Msingi umeliwa na maji."

"Haumalizi masika, mama," alisema Bwana Mbaruku. "Utaua watu. Lazima ubomolewe, ujengwe upya."

"Na mwenyewe akipuuza?" aliuliza Bi Mize.

"Nitamshtaki mimi."

"Basi niandikie hayo, baba, nisije nikasahau. Utie saini, na balozi wetu wa nyumba kumi ashuhudie."

Bwana Mbaruku aliandika upesi huku akitabasamu, na balozi akaitwa, akatia saini yake. Bi Mize aliikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Sasa utaniuzia?"

"Kwa nini niuze? Marehemu mume wangu alijenga kuta tatu tu. Huu wa nne ni wa jirani aliyekuuzia nyumba; alimruhusu mume wangu auegemee, na balozi anajua. Umeununua wewe pamoja na nyumba. Mafundi wako wanaanza lini?"