Kindi na Mvule wa Bundi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanasonga ugali na kugombea jiko, Mzee Nyati na Mzee Ngiri walimfukuza Bundi Mkubwa kijijini. Kosa lake? Sauti!

"Akilia juu ya paa, mtu hufa!" walisema. Wakatupa chumvi motoni, wakapiga madebe, ngwa! ngwa! ngwa! Bundi akahama.

Panya nao wakahamia. Kuru-kuru-kuru ghalani usiku kucha! Bi Kindi, mdogo wa mwili lakini mkia tele, akawa anawalaza wanawe na njaa.

Siku moja zikavuma habari kwamba Bundi ameonekana karibu na mvule wake wa zamani. Nyati akaparua ardhi kwa kwato. "Ikionekana dalili moja tu, naung'oa mti!"

"Shikamoo, mzee," Kindi akasema. "Na mwili wote huo, utapanda mvule? Niachie mimi. Nitachungulia kila alfajiri nikuletee habari."

"Marahaba. Haya, nenda, na macho uyafungue!"

Kindi akapanda, paru-paru-paru, akachungulia pangoni mwa mti. Lo! Macho mawili makubwa ya manjano yakamtazama. Chini ya mabawa mapana kama jamvi kulikuwa na mayai mawili, meupe pe. Kindi akasahau hata kutetemeka. Hajapata kuona kitu kikubwa kilichotulia namna ile.

"Usiogope, panya wananitosha," Bundi akasema taratibu. "Nilianguliwa humu. Sina kwetu kwingine."

"Basi kaa kimya, dada. Usilie kabisa mpaka mayai yaanguliwe."

Chini ya mti kulikuwa na vidonge vya manyoya na mifupa, vile ambavyo Bundi hutapika akishakula. Kindi akaviokota vyote, akavitia kapuni, akarudi mbio.

"Umeona nini?" Nyati akauliza.

"Shwari, mzee! Hata unyoya sijaona."

Ikawa hivyo kila alfajiri. Kapu likajaa. Kuru-kuru ya ghalani ikakoma, na watoto wa Kindi wakanenepa mashavu.

Nyati akaandaa karamu. "Mnaona? Tangu tumzuie Bundi asirudi, neema tupu!"

"Kweli kabisa!" Ngiri akaitikia, ugali mdomoni.

Kindi akacheka mpaka akaanguka chali. Kisha akalimwaga kapu mbele yao, pwaa! "Panya wenu hawa hapa, wazee. Aliyewala yuko mvuleni tangu masika, na sasa ana watoto."

Nyati akaruka, pembe mbele, mbio hadi kwenye mti, Ngiri na Kindi nyuma yake. Hapo ndipo Bundi alipotoka. Akakunjua mabawa, akapita juu ya vichwa vyao. Hakuna sauti, wanangu! Hata jani halikutikisika. Nyati akasimama, mdomo wazi. Kule pangoni vichwa viwili vya manyoya meupe vikachungulia.

"Vuu-huuu!" Bundi akalia.

Ngiri akajipapasa mwili mzima. "Jamani, nipo?"

"Upo," Nyati akajibu kwa sauti ndogo. "Sote tupo." Akamgeukia Kindi. "Mwanangu, kesho alfajiri ukienda kumtazama, unipitie twende wote."

Basi, wanangu, msimfukuze jirani kwa sauti yake kabla hamjaitazama kazi yake.