Pimbi na Kijiti cha Mwisho cha Mkunazi

Ngano, wanangu, ngano!

—Na ije!

Ije na nini?

—Ije na utamu wake!

Zamani, zamani sana, Pimbi aliishi mwambani na mama yake. Mama Pimbi alikuwa amebakiwa na meno mawili. Alichoweza kula vizuri kilikuwa kunazi za mti mmoja tu, kunazi laini, tamu kweli.

Siku moja Tembo akajikuna kwenye mti huo. Mti chini! Ukashikwa na mzizi mmoja, ukabaki na vijiti vitatu vibichi.

Pimbi akalia. Mama atakula nini?

Akamwendea Nungunungu, fundi wa miti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Usilie, utanilowesha miiba. Kata kijiti kitamu. Pasua mche wa mkunazi mchachu, kichomeke humo, ufunge kwa kamba ya gome. Huko ndiko kubebesha. Kisha usifungue mpaka kichipue!"

Pimbi akakata, akapasua, akachomeka, akafunga. Siku ya tatu roho haikutulia. Kimeshika kweli? Akafungua achungulie. Kijiti kikakauka.

Akakata cha pili, akapasua, akachomeka, akafunga. Siku ya saba akasema, "Nachungulia kidogo tu." Jamani, Pimbi! Kikakauka nacho.

Kikabaki kimoja. Pimbi akaogopa hata kukigusa.

"Mama, mikono yangu haina subira. Nitakuua kwa njaa."

"Kata, mwanangu. Ukishafunga, hiyo mikono niletee mimi."

Akakata, akapasua, akachomeka, akafunga. Mama akamshika mikono yote miwili. Kila Pimbi alipotaka kuinuka, mama alikaza, akamsimulia jinsi alivyozaliwa siku ya mvua. Siku ya tatu ikapita. Ya saba ikapita. Pimbi akawa anamtafunia mama majani. Siku ya ishirini na moja, juu ya kamba, likachomoza chipukizi.

Masika mawili yakapita, kunazi ya kwanza ikaiva. Mama akang'ata nusu, machozi yakamtoka. Nusu nyingine akamtia Pimbi, bintiye, kinywani.

"Mama, hukuogopa?"

"Nilijua kitashika. Nilikuwa napenda tu kukushika mikono."

Basi, wanangu, kazi ukishaifunga vizuri, iache ishike. Na asiyeweza kungoja peke yake, ashikwe mkono.

Ngano yangu imefika. Aliyeipenda akaipande kwake.