Nyuki Alitua kwenye Ua la Karatasi

Sogeeni, na anayetafuna amalize kwanza. Leo sina hadithi ya kuwabembeleza, nina kesi. Nitaieleza mimi na mtaikata ninyi, ingawa kusema kweli sina imani kubwa na vichwa vyenu.

Walikuwapo wazee watatu, kila mmoja na kipaji kimoja na majivuno ya kutosha vipaji kumi. Mzee Leodgari alikuwa fundi suti. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini mkasi ukiingia mkononi mwake kitambaa kilikatika bila chaki wala futi, na hilo alikueleza kabla hujamaliza kumwamkia. Bi Mize alikuwa msukaji wa mikeka. Alijua kuutia ukili rangi ikakolea ikakataa kutoka, na katika maisha yake hakuwahi kuisifu rangi ya mtu mwingine. Mzee Mahanyu, ujanani, alikuwa akibandika matangazo ya sinema kwenye kuta za mji. Gundi yake ya unga ilishinda mvua za masika, na mpaka leo anaamini watu walikwenda sinema kwa sababu yake, si kwa sababu ya picha.

Hao watatu waliishi kwenye makao ya wazee ambayo nje ya geti lake ulisimama mkrismasi mkubwa. Kila Desemba mti ule ulichanua ukawa mwekundu mtupu, maua yakamwagika njiani, na mfagiaji akayazoa akayatupa jalalani. Ndani ya geti, wazee waliwekwa mezani watengeneze maua yale yale kwa karatasi. Mmesikia vizuri. Ya kweli yalitupwa, ya bandia yakatolewa jasho.

Wazo hilo lilitoka kwa Evelina, dada wa kuwashughulisha wazee, aliyehudhuria semina ya siku mbili tu. Aliwapigia makofi watu waliomzidi mama yake umri, akawaita wazee wangu wazuri, akawaonyesha namna ya kushika mkasi. Alimwonyesha hata Mzee Leodgari. Mzee alimtazama mpaka makofi yakaisha yenyewe.

Wazee wangemwachia karatasi zake wakaenda kulala, kama si chumba. Makao yale yalikuwa na mabweni mawili, la wanaume na la wanawake, na chumba kimoja tu chenye mlango na komeo kwa ndani. Aliyekuwa akilala humo alikuwa amefariki. Afisa mfawidhi, mkuu wa makao, angeweza kuuliza ni nani anakihitaji zaidi, lakini kuuliza kunataka moyo, naye alikuwa na tai tu. Akatangaza kwamba siku ya chai ya Krismasi mgeni rasmi atachagua ua zuri kuliko yote, na aliyelitengeneza atapewa ufunguo.

Sasa sikilizeni walivyokitaka. Leodgari alikuwa akiulalia mkasi wake chini ya mto, kwa sababu bwenini kitu kizuri hakimalizi wiki. Bi Mize alibadilishia nguo nyuma ya pazia ambalo upepo ulilifunua ulivyotaka, na kwa mwanamke aliyejistiri maisha yake yote, hilo lilikuwa aibu ya kila asubuhi. Mahanyu alizungumza usingizini na marehemu mkewe, na kulipokucha wenzake walimrudishia maneno yake kwa sauti ya kike, wakicheka mpaka wanakohoa. Naudharau sana utani ule. Niwaambie pia kwamba Leodgari alikuwa mmoja wa wachekaji, msije mkamwonea huruma kupita kiasi.

Kila mmoja alianza peke yake, na kila mmoja aliaibika. Ua la Leodgari lilikuwa na umbo la kweli lakini jeupe kama sanda. La Bi Mize lilikuwa jekundu la kuwaka, ila limekatwa kama lililotafunwa na mbuzi. La Mahanyu lilishikamana vizuri sana, likawa donge. Ndipo wakaungana, si kwa upendo, maana hawakuwa nao, bali kwa sababu kila mmoja alipanga kuwatumia wenzake.

Leodgari akakata. Evelina alikuwa amechora ua la duara kama chapati, lakini mzee alituma aokotewe ua la kweli pale getini, akalipapasa kwa kidole. Ua la mkrismasi lina majani matano, na moja kati yake si kama ndugu zake. Ni pana, limesimama, na ukingo wake umejikunja. Hilo la tano alilikata hivyo hivyo kwenye kila ua, bila kukosea.

Bi Mize akatia rangi. Karatasi zilikuwa nyeupe, na rangi za Evelina zilikuwa zimekauka kwenye vichupa. Bibi akachemsha mbegu za mzingifuri, zile nyekundu za kutia rangi chakula, akakamulia ndimu, akachovya. Majani manne aliyakoleza. Lile la tano aliliacha jeupe, akalirushia matone mekundu kwa ncha ya unyoya wa kuku, kama lilivyo mtini.

Mahanyu akabandika. Gundi ya dukani haikuwapo, na jikoni walimnyima unga wakisema wazee hawachezei chakula. Basi akajinyima uji wake wa asubuhi, akaufunika kwa sahani, akauchemsha tena kwenye kopo mpaka ukawa mzito wa kuvuta. Kwa uji ule alishikamanisha kila jani na kila kikonyo, mpaka likatoka tawi zima lenye maua ya kujaa mikono miwili.

Siku ya chai mgeni rasmi alifika akiwa amechelewa, na mpiga picha wake akiwa amewahi. Alipita mezani akisema vizuri sana, vizuri sana, bila kutazama, kama mtu anayehesabu magunia. Alilipita pia lile tawi. Kisha nyuki akaingia dirishani kutoka upande wa mti. Akazunguka juu ya meza, akayaacha maua ya wengine wote, akatua kwenye tawi la karatasi, akaingiza kichwa ndani ya ua na kubaki humo.

Mgeni rasmi akarudi nyuma hatua kadhaa, akapigwa picha, akasema mshindi amepatikana, kwa kuwa hata nyuki amedanganyika. Mtu mzima na gari lake, anangoja mdudu amwonyeshe kizuri. Akauliza nani ametengeneza. Mikono mitatu ikapanda.

Leodgari akasema ya kwake kwanza. Bila mkasi wake, alisema, pale pangekuwa na karatasi zilizolowa rangi na uji, na nyuki hatui kwenye takataka akaingiza kichwa. Alipata mlango wa kuingilia kwa sababu fundi aliukata.

Bi Mize hakuinua sauti.

"Nyuki ametoka kule mtini, baba. Kutoka kule haoni ukingo uliokunjwa na wala haonji kitu. Kilichomwita ni rangi."

Mahanyu akacheka kwa mapengo yake. Alisema wamwite Evelina aliguse tawi, kisha alambe kidole chake mwenyewe. Evelina akalamba, akakunja uso, akasema kitamu.

"Uji wa asubuhi huwa na sukari," alisema Mahanyu. "Nyuki hakuja kutazama. Amekaa kwa sababu amepata cha kula, na ni chakula changu mimi niliyeshinda na njaa."

Bi Mize akamuuliza kama alikuwa anajua kwamba sukari itaita nyuki, au alikosa unga tu. Mahanyu akajibu kwamba alijua. Hakuna aliyemwamini, na mimi pia simwamini, lakini nyuki hakuwa amemuuliza.

Mtu mmoja aliyejiona ana busara akashauri wagawane chumba kwa zamu. Kitanda kimoja, mabibi na mabwana, na kila wiki kuhamisha vikongwe na magodoro. Mwingine akasema ufunguo apewe nyuki, akacheka peke yake. Mfawidhi alichoka kusikiliza, maana si kazi aliyoizoea. Akauzungusha ufunguo kwenye kidole na kusema wakubaliane wenyewe. Chai ikiisha hawajakubaliana, chumba kitakuwa stoo ya kuwekea karatasi za Evelina.

Karatasi zitalala penye mlango na komeo. Bi Mize atarudi kwenye pazia lake, Leodgari kwenye mkasi wake chini ya mto, na Mahanyu ataendelea kuzungumza na mkewe mbele ya watu. Mngedhani kati ya wazee wenye akili timamu mmoja angewaachia wenzake. Hakuna aliyeacha. Kila mmoja alishika sehemu yake ya tawi, mwingine jani, mwingine kikonyo, wakavutana polepole ili wasilichane, na nyuki bado yumo ndani.

Nawadharau wote, kuanzia mwenye tai mpaka mwenye mapengo. Lakini kwenu ninyi mnaocheka nina dharau ya akiba, maana mnaweza kwenda nyumbani na kufunga mlango, na mnaona ni jambo la kawaida.

Haya, kateni kesi. Yuko aliyelipa ua umbo, yuko aliyelifanya lionekane, yuko aliyelifanya lionjwe. Msiniambie wote, kwa sababu ufunguo ni mmoja. Msiniambie pia mnahitaji muda wa kufikiri. Vikombe vimekwisha kukusanywa, kimebaki cha mgeni rasmi tu, na amekiinua anamalizia tone la mwisho. Wewe uliyekaa hapo mbele, ufunguo ungeuweka mkononi mwa nani?