Pua ya Mtemi Kapasa

Hadithi inabisha hodi!
— Ifungulieni, ipite!
Imebeba nini?
— Imebeba utamu!

Haya. Hapo kale, katika nchi ya misitu na mizinga, aliondokea mwanamke jina lake Nyamizi. Kazi yake ilikuwa vikaragosi. Nyuso zao alizitengeneza kwa nta ya nyuki. Aliilainisha motoni, akaitandaza juu ya kibonge cha udongo, kisha akaifinya, akaifinya, akaifinya, mpaka itoke sura ya mtu. Na si mtu yeyote, jamani. Ni wewe! Ukikiona kikaragosi chako, unataka kukiamkia.

Kila asali ilipokwisha kuvunwa, Nyamizi alivichezesha uwanjani, watu wakajicheka mpaka mbavu zikauma.

Mwaka mmoja Mtemi Kapasa akataka naye awemo. Sasa, Mtemi huyo alikuwa na pua. Msiniulize pua gani. Ilifika barazani kwanza, mwenyewe akafuata.

Nyamizi akamtengenezea kikaragosi. Mtemi akaja, akakitazama. "Punguza pua."

"Lakini Mtemi..."

"Punguza! Ama msitu wangu usiuguse tena."

Nyamizi akaogopa. Bila nta, yeye ni nani? Akapunguza.

Kesho yake Mtemi akarudi. "Bado. Punguza."

Akapunguza.

Akarudi tena. "Bado kidogo."

Kisu kikapita, moyo ukamuuma Nyamizi kama anamkata mwanawe. Ikabaki pua kama punje ya mtama. Mtemi akatabasamu. "Naam! Huyo ndiye mimi."

Siku ya mchezo ikafika. Kikaragosi kikatokea, usinga mkononi, kinatembea kwa madaha. Watu wakatazamana. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyepiga makofi.

"Nani huyu?"

"Labda mgeni."

Nyuma ya pazia, Nyamizi akalowa jasho. Akajiambia, leo nimekwisha.

Ndipo mama yake Mtemi, bibi kizee aliyeketi mbele, akauliza kwa sauti: "Na mwanangu atatoka saa ngapi?"

"Mama, ndiye huyo! Ndiye mimi!"

"Wewe? Nani kakudanganya? Pua yako ni ya marehemu baba yako. Na pua ile, mwanangu, niliipenda kabla sijampenda mwenyewe!"

Lo! Uwanja ulilipuka. Waliosimama waliketi, walioketi walilala. Mtemi akajishika pua, akainuka, akaenda moja kwa moja nyuma ya pazia. Nyamizi akapiga magoti.

"Nta ipo?" Mtemi akauliza.

"Ipo, Mtemi."

"Irudishe."

"Kiasi gani, Mtemi?"

Mtemi akaketi mbele yake, akainua kidevu, akafumba macho. "Pima mwenyewe. Ila fanya upesi, mama anasubiri."

Nyamizi akapima. Akachota nta ya kujaza kiganja, akaitazama pua, akaitazama nta, akaita: "Jamani, nileteeni na nyingine!"

Basi hapo ndipo nilipoikuta, na hapo ndipo ninapoiacha. Iliyowachekesha gawaneni, iliyowachoma niachieni mimi.